Ulimi Uliofungwa: Mkasi, Subira au Mkebe?

Mzazi wa Tawa, kaunti ya Makueni nchini Kenya, akiambiwa kwamba ulimi wa mtoto wake mchanga umefungwa, huuliza mambo mawili kwa pumzi moja: utakatwa na nani, na kwa pesa ngapi? Ni maswali ya haki, ila yamekuja mapema mno. Mkato wenyewe, ukiwa mikononi mwa mtu anayeujua, ni kazi ya sekunde chache kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, na mara nyingi ndio sehemu ndogo ya gharama yote. Pesa humalizwa na safari za kumtafuta wa kukata, na zaidi ya hizo, na maziwa ya mama yanayopungua siku baada ya siku wakati nyumba nzima bado inashauriana. Nitazipanga bei hizi moja baada ya nyingine, na sitaficha upande ninaoegemea.

Kila mtu ana utando mwembamba chini ya ulimi, unaouunganisha na sakafu ya kinywa. Kwa watoto wengine utando huo ni mfupi, au mnene, au umeshika karibu sana na ncha, na ulimi haunyanyuki wala hautoki vizuri. Watafiti waliochunguza watoto wachanga wamewakuta wenye hali hii kuanzia 4 hadi 11 katika kila 100, kutegemea nani anatazama na anatumia kipimo gani. Pengo kubwa kiasi hicho linatosha kumtahadharisha mnunuzi: bidhaa ambayo wauzaji wenyewe hawajakubaliana ni ipi, haifai kulipiwa kwa haraka. Isitoshe, wengi wa watoto hao hunyonya bila taabu yoyote. Kuuona utando hakumaanishi kwamba kuna ugonjwa. Cha kutibiwa, kama kipo, ni kunyonya kulikoshindikana.

Kushindikana kuna dalili zake. Kwa mama, chuchu hutoka kinywani mwa mtoto ikiwa imebanwa bapa, imepauka upande mmoja, na maumivu hayapungui wiki ya kwanza ikiisha. Wengine huchanika hadi damu. Mtoto naye hushika titi na kuliachia, hushika tena na kuachia, anatoa mlio wa kualika kinywani, ananyonya saa nzima na bado analia njaa, au anachoka na kulala kabla hajashiba. Nepi husimulia yaliyobaki. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake hauna rangi kali.

Shida ni kwamba karibu kila dalili niliyoitaja ina vyanzo vingine. Mtoto aliyeshikishwa chuchu peke yake, bila sehemu pana ya weusi unaoizunguka, huumiza vilevile. Titi lililojaa hadi kukakamaa halishikiki hata kwa mtoto mwenye ulimi mrefu. Ukungu mweupe wa kinywani huwasha na kuchoma chuchu. Mtoto mwenye manjano hulegea na kusinzia titini. Na mara chache kaakaa la mtoto limepasuka kwa ndani, mahali ambapo jicho la mzazi halifiki. Anayekimbilia mkasi bila kuyaondoa haya njiani hulipia mkato, kisha anarudi nyumbani na maumivu yaleyale.

Chaguo la kwanza, basi, ni nesi kukaa chini na kutazama mtoto akinyonya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nasisitiza: mwanzo hadi mwisho. Kufunua kinywa, kuchungulia kwa tochi ya simu na kutamka “umefungwa” hakutoshi. Nesi mzuri atamwambia mama aketi aegemee, amlaze mtoto tumbo kwa tumbo, pua ielekee chuchu, asubiri kinywa kifunguke kwa upana, kidevu kitangulie kugusa titi. Ataangalia mashavu kama yanaingia ndani, atasikiliza mmezo. Ndipo atakapotazama ulimi, na hapo kuna vitu vinne ambavyo kipimo kilichotengenezwa Bristol, Uingereza, huvipa alama: ncha ya ulimi inaonekanaje, utando umeshika wapi kwenye ufizi wa chini, ulimi unanyanyuka kiasi gani mtoto akilia, na unatoka hadi wapi. Jumla ni kuanzia 0 hadi 8. Aliyepata 3 au chini ya hapo ulimi wake umebanwa sana. Nesi wa kijijini si lazima awe na karatasi hiyo. Macho yake yakipita katika mambo hayo manne, kazi imefanyika.

Bei ya haya yote? Katika zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya pili na ya tatu, huduma ya msingi hulipwa na mfuko wa serikali kwa yeyote aliyejiandikisha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, hata kama hajaanza kutoa michango. Hospitali ya Tawa, iliyo ngazi ya nne, huingia katika bima yenyewe, na bima inataka michango iwe imelipwa. Kwa asiye na mshahara kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Wakazi wa Makueni wana haki ya kunung’unika hapa. Kuanzia 2016 kaunti yao ilikuwa na mpango wa MakueniCare, ambapo nyumba nzima ilichangia shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Waliozoea 500 wanaiona 3,600 kama mlima. Lakini kwa nyumba yenye mama mjamzito, mlima huo afadhali upandwe kabla ya uchungu kuanza, na mtoto aandikishwe chini ya mzazi mara karatasi ya kuzaliwa inapopatikana, kwa sababu mtoto mchanga hana muda wa kusubiri foleni ya mtandao.

Kuna pia mhudumu wa afya ya jamii, yule anayezunguka kijijini na mkoba wake. Serikali iliwazindua wahudumu kama 100,000 nchi nzima mnamo Septemba 2023. Si wote waliobobea katika kunyonyesha, lakini wengi wanajua ni nesi gani kwenye kituo gani ana subira ya kukaa na mama. Habari hiyo peke yake inaokoa nauli ya pikipiki.

Sasa mizani. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza. Akipoteza kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, aliyezaliwa na kilo 3 akashuka hadi 2.7, hilo ni la kumwona daktari siku hiyohiyo. Kufikia wiki mbili anatarajiwa awe amerudi uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani kama 140 hadi 210 kwa wiki. Mtoto anayepanda hivyo na mama yake hana maumivu makali, ulimi wake uachwe, hata uwe umeshika hadi nchani. Mtoto asiyepanda, na nesi amekwisha kurekebisha mkao, na sababu nyingine zimeangaliwa, huyo ndiye mteja halali wa mkasi. Mama anayeumia kupita kiasi pia ana haki hiyo hata kama mtoto anapanda, kwa kuwa mama wa namna hiyo hukata tamaa na kuacha kunyonyesha, na hapo hasara huwa ya wote wawili. Kwa maoni yangu subira iwe na tarehe yake. Siku chache za kurekebisha mkao, kisha mizani tena. Subira isiyo na tarehe hugeuka kuwa uzembe unaoitwa kwa jina zuri.

Wakati wa kusubiri, maziwa yasiachwe yakauke. Mama akamue kwa mkono kila mtoto anaposhindwa kumaliza, ampe kwa kikombe kidogo kilichooshwa na kuchemshwa. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafisha, na huweza kumzoesha mtoto mtiririko wa bure akachukia titi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa 4 mahali penye ubaridi wa kawaida wa nyumba. Kwa joto la Tawa wakati wa kiangazi, na chini ya paa la mabati, ni bora yatumike mapema zaidi. Gharama yake ni kikombe, sabuni na dakika za mama, na hizo dakika si bure kwa mtu mwenye ndengu shambani. Ila njia hii huhifadhi maziwa huku uamuzi ukitafutwa, na hakuna nyingine katika makala haya yenye faida kubwa kwa bei ndogo hivyo.

Tukija kwenye mkasi wa hospitali. Mtoto hufungwa kwenye shuka asirushe mikono, mtu mmoja anashika kichwa, mwingine ananyanyua ulimi na kukata utando mwembamba. Matone machache ya damu, kilio kifupi, kisha mtoto huwekwa titini palepale. Wapo wanaompa matone ya maji ya sukari kabla ili kupunguza maumivu. Wasitumie jeli ya kuganzisha yenye benzokaini: mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mnamo 2018 kwamba isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni.

Unanunua nini hasa kwa mkato huo? Mapitio ya Cochrane ya 2017 yaliyakusanya majaribio matano yenye watoto 302. Yalikuta kwamba maumivu ya chuchu za mama hupungua kwa muda mfupi baada ya mkato. Kuhusu mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakukubaliana. Uingereza walijaribu tena, wakachapisha mnamo 2023 utafiti wa watoto 169: kundi moja lilipata mkato na msaada wa kunyonyesha, lingine msaada peke yake. Kufikia miezi mitatu hapakuonekana tofauti ya maana katika kuendelea kunyonyesha, ingawa utafiti huo ulikatishwa mapema na watoto wengi wa kundi la pili waliishia kukatwa pia, kwa hiyo haukumaliza ubishi. Mtu mwaminifu atakuuzia mkato kwa ahadi moja tu, kwamba huenda ukampunguzia mama maumivu. Anayekuahidi kilo, usingizi mnono na mtoto asiyelia anazidisha mizani.

Kabla ya mtu yeyote kushika mkasi, mzazi aulize kuhusu vitamini K. Ni sindano ya paja anayopaswa kupata mtoto akizaliwa, ili damu yake igande. Aliyezaliwa nyumbani, au njiani kabla ya kufika hospitali, pengine hakuipata, na jeraha dogo kinywani linaweza kuvuja bila kukoma. Fungua kijitabu cha kliniki uangalie. Kama sindano hiyo haijaandikwa, mwambie nesi kabla, asikute tatizo baadaye. Aulize pia kama kuna ndugu katika ukoo anayevuja damu ovyo. Na mtoto mwenye kidevu kidogo sana kilichorudi nyuma, anayekoroma au kupumua kwa shida, asikatwe na mtu asiye mtaalamu: kwa baadhi yao ulimi ulioachiliwa huweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa.

Kuhusu mahali. Tawa ipo Mbooni, na mzazi wa huko ana njia tatu za barabara: kushuka Wote, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti na jengo lake la mama na mtoto; kuelekea Machakos kwenye hospitali ya ngazi ya tano; au kuvuka mto Athi kwenda Kitui, kwa wale ambao jamaa zao wako upande ule. Zote ni hospitali za umma. Nisichokipendekeza ni kupanda gari la probox asubuhi na mtoto wa siku kumi bila kujua kama unayemtafuta yupo. Piga simu, au mwombe nesi wa Tawa akupigie, kwa sababu yeye atajibiwa haraka kuliko wewe. Uliza manne: nani hukata, yuko siku gani, ninahitaji barua ya rufaa, na mkato huu SHA inaulipia hapo au natoa mfukoni? Anza kuuliza hapohapo Tawa. Afisa wa meno au daktari wa zamu aliyefunzwa anaweza kuufanya, na hapo nauli yako inabaki mfukoni. Katika hesabu ya safari usisahau kwamba wanaosafiri ni wawili na robo: mama aliyejifungua juzi hatembei peke yake, anayemsindikiza naye hupoteza siku ya kazi, na watu hula njiani. Safari mbili kama hizo, ya kwanza ya kuambiwa “rudini Alhamisi”, huweza kuizidi bei ya mkato.

Leza ya Nairobi nitaipitia upesi. Kliniki za kibinafsi huinadi kama teknolojia safi isiyo na damu. Mnamo 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ripoti yake kuhusu ulimi uliofungwa, na hakikuona ushahidi kwamba leza inaushinda mkasi. Hakikupendekeza pia mazoezi ya kulivuta jeraha kwa kidole mara kadhaa kwa siku, ambayo wazazi wengi huuziwa pamoja na leza na ambayo humtesa mtoto na kumfanya aogope chochote kinachokaribia kinywa chake, titi likiwamo. Ukisikia kwamba mdomo wa juu nao umefungwa, na mashavu pia, na vyote vikatwe siku moja kwa bei ya pamoja, chukua mtoto wako uende. Australia ilishuhudia kiwango cha mikato hii kikipanda kutoka 1.22 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2006 hadi 6.35 mwaka 2016. Ndimi za watoto hazikubadilika ndani ya miaka kumi. Soko ndilo lililobadilika.

Upande wa pili wa soko hilo kuna wembe. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kukata vinywa vya watoto: kimio kinachokatwa kwa ajili ya kikohozi, ufizi unaochimbwa kutolewa “meno ya plastiki” ambayo ni meno ya utotoni yasiyochomoza bado. Madaktari wa meno wa Kenya na Tanzania wameandika sana juu ya madhara yake. Mtu anayefanya hayo hatashindwa kukubali kukata na utando, na bei yake huwa ndogo, pengine kuku au pesa ya chai. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na mifereji ya mate pande zote mbili za utando. Wembe hauna ncha butu. Pepopunda, usaha, virusi vya ukimwi kutoka kwa kinywa kilichotangulia, damu inayovuja usiku mahali ambapo piki haipiti: orodha hii ndiyo bei kamili. Hili ndilo chaguo pekee ambalo silipi hata nafasi ya kujadiliwa.

Na mkebe wa maziwa ya unga? Wengi hawauchagui, huteleza na kuuangukia baada ya wiki tatu za maumivu. Tuupigie hesabu. Mtoto wa kilo 4 hunywa kama mililita 600 kwa siku. Mkebe wa gramu 400 hutoa takriban lita 3, yaani siku tano. Kwa mwezi ni mikebe sita. Tuchukue bei ya shilingi 1,200 kwa mkebe, ingawa aina nyingi dukani zinapita hapo: 7,200 kwa mwezi, bado hujaweka kuni au gesi ya kuchemsha maji, wala maji yenyewe katika eneo ambalo mtungi hununuliwa wakati wa ukame. Shilingi 7,200 ni michango ya SHA ya miaka miwili kwa kiwango cha chini. Nyumba isiyoweza kumudu mikebe sita huanza kupunguza unga na kuongeza maji, au kugeukia maziwa ya mbuzi, na mtoto hukonda huku tumbo limejaa. Kenya ina sheria tangu 2012 inayozuia kampuni kutangaza maziwa haya kwa mama. Pamoja na hayo, yapo matukio ambapo daktari atayaagiza, na mama aliyeambiwa hivyo asione haya.

Limebaki la susu, yaani bibi. Mara nyingi bibi ndiye anayeuona utando kwanza, akimwogesha mjukuu, na hofu yake haihusu titi hata kidogo. “Huyu hatasema,” anasema, na mkwe hawezi kumjibu kwa ukali. Ajibiwe kwa heshima kwamba hakuna ushahidi mzuri kuwa kumkata mchanga anayenyonya vizuri kunamkinga na matatizo ya kusema, na kwamba kigugumizi hakitokani na utando. Mtoto akifika umri wa kuongea na kweli matamshi yakamshinda, ataonwa wakati huo. Kwa mtoto wa miaka mitatu mkasi hauwi mwepesi kama kwa mchanga, kwa kuwa pengine atahitaji kulazwa usingizi, na hiyo ni gharama halisi. Lakini kukata kumi wanaosema vizuri ili kumpata mmoja asiyejulikana ni biashara mbovu.

Aliyekatwa hospitalini ataota doa jeupe au la manjano chini ya ulimi kwa wiki moja au mbili. Huo ni uponaji, si usaha, na haupakwi kitu. Homa, damu isiyokoma baada ya kunyonya, au kukataa titi kabisa ni sababu ya kurudi mara moja. Vinginevyo mpeleke zahanati baada ya wiki umpime kwenye mizani ileile ya kwanza, kisha mwambie nesi atazame tena anavyonyonya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gramu 140 au zaidi, na mama anaketi bila kuuma meno, basi ulilipia kitu. Zikipungua hapo, usikubali mkato wa pili. Omba barua ya kumwona daktari wa watoto.